Bei ya Kuanguka: Kanuni za Nyumbani kwa Meza ya Mashujaa

"Yaya, kutoka hapa mpaka chini ni mita ngapi?"

Swali hilo liliulizwa Jumamosi moja jioni, barazani kwetu Katuba, na kijana wa miaka 16 ambaye shujaa wake alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ngome. Nyuma yake walikuja walinzi 6 wenye mikuki. Mbele yake palikuwa patupu, na chini kabisa ua wa mawe. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza mchezo, na sikuwa na jibu. Nikasema, "Ni juu sana, mdogo wangu." Akaruka. Nikatupa dadu nyingi kuliko alizotazamia, shujaa aliyemlea kwa miezi 4 akafa palepale, na yule kijana akafunga daftari lake akaenda kwao bila hata kuonja bukari iliyokuwa tayari jikoni.

Kosa lilikuwa langu. Mtu aliniuliza bei, nami nikamuuzia bila kumtajia. Tangu siku hiyo meza yetu ina kanuni moja inayotangulia nyingine zote: hakuna anayeruka kabla ya kujua bei ya kuanguka. Nitakueleza jinsi ya kuipanga bei hiyo nyumbani kwako, kwa vifaa vinavyopatikana hapa Lubumbashi, hata kama hujawahi kuucheza mchezo huu siku moja.

Mchezo wenyewe ni huu. Watu 3 hadi 6 wanakaa pamoja. Mmoja ni mwongozaji: ndiye anayesimulia mji, msitu, pango na watu waliomo. Wengine kila mmoja ana shujaa wake, aliyeandikwa kwenye karatasi pamoja na nguvu zake, wepesi wake, silaha zake na pointi zake za uhai. Pointi za uhai ni akiba ya uzima. Zikifika sifuri shujaa anazimia, na asipoauniwa anakufa. Jambo lenye shaka linaamuliwa kwa dadu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Hauhitaji skrini. Unafanana sana na hadithi za jioni tulizosimuliwa na bibi zetu, isipokuwa hapa msikilizaji anaweza kumkata msimulizi akasema: "Mimi siingii pangoni. Nazunguka nyuma."

Na kanuni za nyumbani ni nini? Ni zile mnazokubaliana ninyi wenyewe, juu ya zile za kitabu au mahali pake. Wacheza karata wanalijua jambo hili: kila kartiye ina namna yake, na mgeni akikaa anaelezwa kwanza.

Utauliza gharama. Kitabu kikubwa cha wachezaji, kipya, huuzwa karibu dola 50 za Kimarekani, na sikushauri uanze kwa kukinunua. Wachapishaji wake, Wizards of the Coast, wameweka kanuni za msingi wazi kwa kila mtu. Zinaitwa SRD, na tangu mwaka 2023 toleo la 5.1 liko chini ya leseni huria, maana yake unaruhusiwa kulipakua, kulinakili na kulibadilisha bila kulipa, mradi utaje lilikotoka. Lipo pia kwa Kifaransa. Unalolipia ni mega za simu za kupakua faili moja tu. Usiende kulipiga fotokopi lote, kwa kuwa lina kurasa takriban 400. Chagua kurasa za aina ya shujaa unayemtaka na zile za mapigano, wala huhitaji kuchapa habari ya kuanguka, kwani ni aya moja fupi na nitakupa maneno yake hapa chini.

Dadu za pande 6 chukua kwenye ludo. Kama nyumbani hakuna ludo, sokoni zipo, na 5 au 6 zinatosha. Zikihitajika 10 unatupa mara mbili na kujumlisha. Dadu ya pande 20, ambayo mchezo huu unaitumia kila mara, ndiyo ngumu kuipata. Sisi tulikusanya vifuniko 20 vya chupa za bia ya Simba, tukaandika namba 1 hadi 20 kwa ndani kwa kalamu isiyofutika, tukavitia kwenye kopo la maziwa. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kutazama, unasoma namba, kisha unakirudisha. Usisahau kukirudisha, maana ukikiacha nje, wa pili wako hana tena nafasi sawa na yako. Simu nayo inaweza kutupa dadu kwa programu ya bure, lakini umeme ukikatika kutwa nzima na betri ikabaki kidogo, kopo la vifuniko halina habari.

Sasa kanuni yenyewe. Kitabu kinasema hivi: anayeanguka hupoteza uhai wa dadu 1 ya pande 6 kwa kila futi 10, mwisho dadu 20, na akitua anakuwa amelala chini. Futi ni kipimo cha Kiingereza ambacho hapa kwetu hakuna anayekitumia. Vitabu vya Kifaransa vimeshatufanyia kazi hiyo: futi 10 zimekuwa mita 3. Kwa hiyo shika hili moja: kila mita 3, dadu 1. Dadu moja kwa wastani hutoa 3 na nusu. Mita 6 ni dadu 2, wastani 7. Mita 15 ni dadu 5, wastani 17 na nusu. Mita 30 ni dadu 10, wastani 35. Mita 60 ni dadu 20, wastani 70, na kuanzia hapo bei haipandi tena hata ukianguka kutoka mawinguni.

Ili wachezaji waione mita badala ya kuisikia tu, wape vitu wanavyovijua. Mita 3 ni etaji moja ya jengo. Jengo la etaji tano ni mita 15. Kichuguu kikubwa, kama vile vilivyotapakaa pembezoni mwa mji ambavyo watu hukata udongo wake kwa matofali, kinaweza kufika mita 8. Bomba la moshi la Gécamines, lile tunaloliona tukiwa karibu popote mjini, hutajwa kuwa na mita 150 hivi. Nikisema "ukuta una urefu wa etaji mbili," hakuna anayeniuliza tena. Nikisema "mita 6," nusu ya meza inatazama dari ikipima.

Kwa nini basi watu waibadilishe kanuni rahisi kama hii? Kwa sababu ina tundu pande zote mbili. Mchukue mchawi anayeanza safari, mwenye pointi 7 za uhai. Akidondoka mita 6, yaani etaji mbili, dadu 2 zinaweza kumzimisha mara 58 katika 100. Hiyo ni haki, hakuna atakayelalamika. Lakini mpiganaji aliyefika ngazi ya 10 ya uzoefu, mwenye mwili wa wastani mzuri, ana pointi 84. Huyo ukimtupa kutoka juu ya bomba la Gécamines analipa wastani wa 70, anainuka, anakung'uta vumbi, anaendelea na safari. Wachezaji wakiligundua hilo hawatafuti tena ngazi wala kamba. Wanaruka. Jabali halitishi tena, na mwongozaji ndiye anayebaki akihangaika kutafuta kitu kingine cha kuwatia hofu.

Ubishi huu ni wa zamani. Mwaka 1983, katika jarida Dragon lililohusu mchezo huo, ilitolewa hesabu nyingine iliyohusishwa na Gygax mwenyewe: dadu zijumlishwe kadiri mtu anavyozidi kushuka. Mita 3 za kwanza dadu 1, mita 3 za pili dadu 2 zaidi, za tatu dadu 3 zaidi. Hivyo mita 6 ni dadu 3, mita 9 ni dadu 6, mita 12 ni dadu 10, mita 15 ni dadu 15, na kwenye mita 18 umeshafika kikomo cha dadu 20. Ona tofauti: bei iliyokuwa ikifikiwa kwenye mita 60 sasa inafikiwa juu ya jengo la etaji sita. Mwaka uliofuata jarida hilohilo likachapisha hoja za wapenda fizikia, na mpaka leo watu hawajamaliza.

Fizikia yenyewe si ngumu, na inafaa uifahamu ili mtu asikutishe nayo mezani. Ukianguka mita 3 unafika chini na mwendo wa kilomita 28 kwa saa hivi. Ukianguka mita 12, mara nne ya hapo, mwendo ni kilomita 55 hivi, mara mbili tu. Lakini nguvu ya kishindo haifuati mwendo peke yake. Urefu ukizidi mara nne, nguvu ya kishindo nayo inazidi mara nne. Kwa hiyo anayetetea kanuni ya kitabu, dadu 1 kwa kila mita 3, ana fizikia upande wake. Anayetaka dadu zijumlishwe ana hofu upande wake. Mimi naona hofu ndiyo tunayoitafuta mezani, ila isizidi kiasi. Na kumbuka kwamba dunia halisi imeacha mlango mdogo wa bahati: tarehe 26 Januari 1972, mhudumu wa ndege Vesna Vulović aliokoka ndege yake ilipopasuka kwenye mita 10,160 juu ya Chekoslovakia. Alikuwa ndani ya kipande cha ndege kilichotua kwenye mteremko wa msitu wenye theluji. Kanuni inayosema "kuanzia mita kadhaa unakufa tu" inaufunga mlango huo, na wachezaji hawaipendi.

Njia ya tatu haina dadu kabisa. Mchezo wa Pathfinder, toleo lake la pili la mwaka 2019, unahesabu nusu ya futi ulizoanguka. Kwa mita zetu ni pointi 5 kwa kila mita 3. Etaji mbili, pointi 10. Mita 30, pointi 50. Yule mpiganaji wetu wa pointi 84 anafika sifuri kwenye mita 51. Uzuri wake ni kwamba bei inajulikana mpaka pointi ya mwisho, na mtoto wa miaka 10 anaweza kuipiga hesabu kichwani. Ubaya wake ni kwamba hakuna tena kile kimya kinachoingia mezani dadu zikiwa hewani.

Sisi tulizijaribu zote tatu, kila moja kwa mwezi mmoja. Tuliishia na kanuni ya kitabu, dadu 1 kwa kila mita 3, lakini tukaiongezea kitu kimoja: kila dadu inayoonyesha 6 inaacha jeraha. Sita moja ni mguu ulioteguka, na mwendo wa shujaa unakuwa nusu mpaka alale usiku mzima. Sita mbili ni mfupa uliovunjika, na mwendo unabaki nusu mpaka apate uganga wa kuponya au akae mjini wiki nzima akiuguzwa. Sita tatu au zaidi, ni hayo ya mfupa pamoja na kuzimia kwa zamu moja, yaani sekunde 6 za hadithi.

Angalia inavyofanya kazi. Ukidondoka mita 3, nafasi ya kuumia ni 17 katika 100. Mita 9, ni 42 katika 100, lakini kuvunjika mfupa bado ni 7 tu. Mita 30, nafasi ya kuumia ni 84 katika 100, na ya kuvunjika imepita nusu. Sasa mpiganaji wa ngazi ya 10 anaweza kuruka kutoka juu ya bomba, na huenda akabaki hai, lakini atakuwa anachechemea pangoni huku wenzake wakimsubiri, na mambo yaliyokuwa yakimfukuza bado yanakuja. Uhai wake haukutozwa zaidi ya kanuni ya kitabu, ila safari yake imeguswa. Hilo ndilo lililorudisha kamba na ngazi kwenye mizigo ya mashujaa wetu.

Kama meza yako ina watoto au watu wanaoanza, anza na hii. Kama mashujaa wenu wameshakuwa wakubwa, wa ngazi ya 8 kwenda juu, na mnataka jabali liogopwe kweli, chukua ile ya 1983 ya kujumlisha. Ile ya pointi 5 nawaachia wanaocheza kwa saa moja tu baada ya shule na hawana muda wa hesabu.

Je, shujaa hawezi kujishika? Anaweza, na lazima umpe nafasi. Mwache ajaribu mara moja: achomoe kifuniko kwenye kopo, ajumlishe namba ya wepesi wake, afikie kiwango ulichotaja. Kamba au mzizi ulio karibu, kiwango 10. Ukingo wa ukuta wa matofali, 15. Mwamba wenye utelezi wa maji, 20. Lakini mikono ni miwili. Anayejishika anaachia alichokuwa amekishika, iwe mkuki, taa au sanduku la dhahabu, na kitu hicho ndicho kinachoanguka badala yake. Hapa ndipo nimeona vicheko vikubwa na majonzi makubwa, maana mtu analazimika kuchagua papo hapo kati ya mwenge na maisha.

Anayeruka kwa kupenda asitozwe sawa na aliyesukumwa. Vitabu vya miaka ya 2000 vilimpa nafuu, nasi tumeifuata kwa njia rahisi: aliyeruka mwenyewe na akafikia kiwango 15 cha wepesi, mita 3 za kwanza hazihesabiwi. Na anayebiringika kwenye mteremko, tuseme kwenye ubavu wa kichuguu au wa kilima cha takataka za mgodi, analipa nusu, kwa kuwa ardhi inampokea kidogo kidogo. Akimwangukia mtu mwingine, kitabu cha mwaka 2020 kiitwacho Tasha's Cauldron of Everything kinasema wa chini ajaribu kukwepa kwa kiwango 15, na akishindwa wanagawana maumivu nusu kwa nusu. Tumeiacha ilivyo.

Maji yanahitaji uangalifu zaidi, maana kila mchezaji ameona sinema ambayo mtu anaruka mtoni na kutoka mzima. Kanuni mpya zilizotoka mwaka 2024 zinasema anayeangukia maji ajaribu kuingia kwa miguu au kwa kichwa, kwa kiwango 15, na akifaulu analipa nusu. Meza yetu imeongeza masharti mawili: maji yawe na kina cha mita 3 angalau, na ukizidi mita 30 maji hayana huruma tena, unahesabiwa kama umetua juu ya ardhi.

Nikuonyeshe kwa mahali petu wenyewe. Maporomoko ya Lofoi yako hapahapa Haut-Katanga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, na maji yake yanashuka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Ni mahali pazuri mno kwa hadithi. Mashujaa wetu walifika ukingoni wakikimbizwa, na mchawi akasema hana wasiwasi, anao uganga wa unyoya, ule unaomfanya mtu ashuke polepole kama nyoya la kuku. Nikamwambia tuusome kwanza pamoja. Uganga huo unawabeba watu 5, unawashusha futi 60 kwa kila zamu ya sekunde 6, na unadumu dakika moja. Tukapiga hesabu kwenye kona ya daftari: zamu 10, futi 600, sawa na mita 183 hivi. Tukawa kimya. Uganga ungeisha wakiwa wananing'inia hewani, chini yao mita zaidi ya 100. Bei yake ilikuwa dadu 20.

Msichana anayemchezesha yule mchawi akafikiri, akauliza, "Nikiutoa mara ya pili ule wa kwanza unapoisha?" Anaruhusiwa, mradi ana nguvu ya uganga iliyobaki, na mara mbili inafika mita 366. Alikuwa amebakiwa na mara mbili kamili. Walishuka salama, na mchawi akafika chini hana kitu mkononi. Hakuna aliyekufa, lakini sijaona watu wakikaa kwenye ncha ya viti namna ile, na yote yalitokana na kutaja mita na kupiga hesabu kabla, mbele ya wote.

Lipo jambo la uzito hapa kwetu ambalo vitabu vya Marekani haviligusi. Mwongozaji wa Katanga lazima siku moja atatamani kuweka shimo la mgodi kwenye hadithi yake. Sheria ya madini ya nchi yetu inampa mchimbaji wa mikono kikomo cha mita 30 kwenda chini. Kwa hesabu ya mezani ni dadu 10. Mimi nililiweka. Nikaeleza vizuri, mdomo wa shimo, kamba iliyochakaa, giza, harufu ya udongo mbichi. Nilipoinua macho, mmoja wetu alikuwa ameweka kalamu chini na kuangalia mikono yake. Mjomba wake aliingia shimoni hakutoka. Nilikuwa nimekaa naye meza moja mwaka mzima bila kulijua hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kikao cha kwanza, uliza. Si lazima kila mtu aeleze sababu. Sema tu: "Kuna kitu ambacho hamtaki kikutane nasi kwenye hadithi?" Mpe kila mmoja karatasi aandike bila jina, ukusanye, usome peke yako. Weka pia kadi moja yenye alama ya X katikati ya meza. Ni desturi iliyoanzishwa na mwongozaji Mmarekani John Stavropoulos: yeyote akiigusa kadi, tukio hilo linaachwa, na haulizwi kwa nini. Gharama yake ni kipande cha boksi la sabuni. Shimo langu tuliligeuza kisima kikavu chenye ngazi za mawe, na mchezo ukaendelea.

Tahadhari nyingine ni ya watoto wanaosikiliza kando ya meza. Waambie waziwazi kwamba pointi za uhai ziko kwenye karatasi tu. Mtoto akianguka kweli kutoka kwenye muembe au juu ya nyumba, akalalamika shingo au mgongo, asiinuliwe wala asikalishwe. Alazwe hivyohivyo bila kutikiswa, kichwa kikishikiliwa, mpaka apatikane anayejua kumbeba, kisha apelekwe hospitali hata kama hakuna damu.

Mkishachagua, andikeni kanuni kwenye ukurasa mmoja. Wetu una mistari 7: mita 3 dadu 1 mpaka dadu 20, sita ni jeraha, kujishika mara moja kwa 10, 15 au 20, aliyeruka mwenyewe nafuu ya mita 3, mteremko nusu, maji nusu mpaka mita 30, na mstari wa juu kabisa, wenye herufi kubwa, MWONGOZAJI ATAJE MITA KABLA. Kanuni ikiwashinda katikati ya mchezo, mwongozaji aamue haraka kwa jioni hiyo tu, na ibadilishwe mkimaliza, shujaa wa mtu akiwa hayuko hewani. Kubadilisha bei wakati mteja ameshatoa pesa ni dhuluma, hata kama bei mpya ndiyo nzuri zaidi.

Yule kijana wa miaka 16 alirudi baada ya wiki tatu. Nilikwenda kwao mwenyewe kumwomba radhi, nikamkabidhi ule ukurasa, nikamwomba ausome kabla ya mtu mwingine yeyote. Alifuta mstari mmoja nilioandika kwa maneno magumu, akauandika upya kwa maneno yake. Nawe fanya hivyo: ukurasa wenu ukiwa tayari, mpe mchezaji mdogo kuliko wote ausome kwa sauti mbele ya meza, na neno lolote litakalomkwamisha libadilisheni jioni hiyohiyo.